Maji Moto kwa Jedidah

Baridi ya Timau haizoeleki. Waliozaliwa hapa watakwambia wameizoea, lakini asubuhi utawakuta kando ya barabara wamejikunyata, mikono imefichwa kwapani, wakingoja lori la shamba la maua. Jedidah Gakii alikuwa mmoja wa hao wa kwenye lori. Yeye hata hakuzaliwa huku. Kwao ni Kanja, upande wa Embu, kwenye kahawa na migomba, ambako baridi ni ya mwezi wa saba tu na watu huilalamikia kama mgeni aliyekaa sana. Timau aliletwa na ndoa. Mumewe, Marete, aliendesha trekta katika mashamba ya ngano. Alikuwa mtu wa maneno machache ambaye akifurahi hacheki kwa sauti, hupumua tu kwa nguvu puani.

Kazi ya Jedidah ilikuwa kupanga mawaridi kwa urefu na kuyafunga kabla ya kupelekwa uwanja wa ndege. Maua hayo hayapendi joto. Siku nzima alivaa gambuti na sweta mbili, akaingiza mikono kwenye ndoo za maji baridi na kuitoa, akaingia chumba cha baridi na kutoka. Jioni vidole vilikuwa vimekufa ganzi, hata kufungua kifungo ilikuwa shughuli. Kisha alipofika nyumbani ilimbidi awashe jiko, ateleke maji, angoje, ayabebe hadi bafuni kwa karai, na kabla hajamaliza kujipaka sabuni maji yalikuwa yameshapoa.

Kwa hiyo wakati wengine walitamani ploti mjini au gari, Jedidah alitamani mfereji wa maji ya moto. Alilisema jambo hilo mara nyingi kiasi kwamba binti yao Nkatha, aliyekuwa akisoma shule ya bweni, alianza kulitaja katika sala zake za likizo kabla ya chakula.

Walipojaliwa, walishuka Meru mjini wakaenda duka la Mohamud, karibu na uwanja wa Kinoru. Mohamud aliuza pasi, majiko, redio na shawa za stima. Alikuwa amelirithi duka kwa babake, na wateja wa Timau walimpenda kwa sababu hakuwa na haraka nao. Aliwachagulia shawa nyeupe, akawaeleza jinsi ya kuitumia, akaipiga muhuri karatasi ya waranti ya mwaka mmoja. Fundi wa stima wa Timau, kijana anayeitwa Lennox, akaifunga.

Jioni ya kwanza Jedidah alikaa bafuni mpaka Marete akabisha kuuliza kama amelala humo. Alitoka amekuwa mwekundu mashavuni, amejifunga kitenge, akaketi jikoni bila viatu wala soksi. Marete anasema hajawahi kumwona mkewe akiwa vile, hata siku ya arusi yao.

Kazini aliwaambia wenzake. Alieleza jinsi maji yanavyokuja, jinsi bafu linavyojaa mvuke, jinsi mtu anavyolala bila kuvaa soksi. Wanawake wa banda la maua wakaanza kushuka Meru mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alikuwa Purity, jirani yake wa nyumba ya pili, aliyekuwa na mtoto mchanga. Mohamud alimtumia Jedidah salamu kwamba akija mjini apitie dukani anywe chai.

Mwaka ukapita vizuri, na waranti ikaisha bila mtu kuikumbuka.

Jumamosi moja, mvua ya mwezi wa nne ikinyesha, Marete aliingia bafuni baada ya kukamua ng'ombe. Jedidah alikuwa anamenya viazi jikoni. Alisikia shawa ikivuma kama kawaida, kisha mvumo ukabadilika, ukawa mzito. Akasikia Marete akisema, kwa sauti ya mtu anayeshangaa tu, kwamba maji yanauma. Baada ya hapo hakusikia neno tena. Harufu ya plastiki inayoungua ikaingia jikoni.

Alisukuma mlango wa bafu. Marete alikuwa ameinama, mkono wake wa kulia umeshika mfereji wa chuma, na mwili mzima unatetemeka. Macho yake yalikuwa wazi, yakimtazama Jedidah. Shawa ilikuwa inatoa cheche kwa ndani, na kifuniko chake kimeanza kujikunja.

Jedidah alinyoosha mkono amvute, kisha akaurudisha. Hili ndilo jambo ambalo baadaye lilimsumbua kuliko yote, kwamba kwa muda mfupi alisimama akimtazama mume wake na hakumgusa. Lakini kama angemgusa wangeondoka wote wawili. Akabonyeza swichi ya shawa iliyokuwa nje ya mlango. Swichi ilizama chini ya kidole chake kama mkate uliolowa, ilikuwa imeyeyuka. Akakimbia hadi sebuleni, akapanda kiti, akaizima swichi kubwa iliyo chini ya mita. Nyumba ikaingia giza, na huko bafuni akamsikia Marete akianguka.

Alikuwa hai. Alikuwa ameumia paji la uso kwa kuanguka, na kiganja chake kilikuwa na alama iliyoungua, ya umbo la mfereji. Jirani mwenye pikapu aliwapeleka hospitali, wakampima moyo na kumfunga kiganja, wakamlaza hapo hadi kesho yake. Jedidah aliketi kando ya kitanda. Marete alipopata nguvu ya kusema, alimwuliza kama viazi vimeungua. Jedidah alicheka, halafu akalia, halafu akanyamaza ghafla, kwa maana alikuwa amemkumbuka Purity.

Jumapili hakwenda kanisani. Alipita nyumba kwa nyumba kwa wote aliowasifia ile shawa, akawaomba wasiiwashe. Wengi walimsikiliza, wakamsikitikia, wakazima. Purity hakutaka.

"Mama Nkatha, yangu haina shida," alisema akiwa mlangoni, mtoto mgongoni. "Huyu nimwogeshe na nini? Kuni zenyewe zimelowa."

Jedidah alimwambia kwamba hata yake haikuwa na shida mpaka dakika ile ilipopata shida. Purity akajibu kwamba kila chombo huharibika, na kwamba ni Jedidah mwenyewe aliyemwambia akinunue. Alisema hivyo bila hasira, lakini maneno yalimwingia Jedidah. Hakubishana. Alimwomba kitu kimoja tu, kwamba Lennox aje aifungue waione ndani. Kama iko sawa, atamwacha aoge kwa amani.

Lennox alikuja akiwa amefadhaika, kwa sababu watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba ni yeye aliyefunga vibaya. Alikuwa ametoka kwa Jedidah kukagua ile iliyoungua. Alizima stima kwa Purity, akateremsha shawa, akaifungua mezani mbele ya wanawake wote wawili. Akawaonyesha waya wa kijani, ule unaopaswa kuipeleka stima ardhini ikivuja ili isimpitie mtu. Kwa nje yeye alikuwa ameuunga vizuri. Lakini ndani ya shawa waya huo haukufika popote. Ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma ya plastiki, tangu kiwandani. Hata kwa Jedidah ilikuwa hivyohivyo. Chuma cha ndani kinachochemsha maji kilipopasuka, stima iliingia kwenye maji, na haikuwa na njia nyingine ila Marete.

Purity aliutazama ule waya, akamfunga mtoto vizuri mgongoni. Kisha akaenda nyuma ya nyumba kutafuta kuni.

Siku iliyofuata Jedidah aliomba ruhusa kazini, akaiweka shawa iliyoungua ndani ya mfuko wa nailoni, akashuka Meru. Njiani alikuwa amepanga maneno mengi. Alipofika, Mohamud alisimama kumsalimu kwa furaha na kuagiza chai, naye akaona haya kuyasema yote aliyoyapanga. Akakiweka kile kitu cheusi juu ya meza, akasimulia yaliyotokea.

Mohamud alisikitika kweli. Aliuliza hali ya Marete mara mbili. Lakini alipoitazama tarehe ya mauzo katika daftari lake alishusha pumzi, akasema waranti imekwisha mwezi uliopita, na kwamba hata yeye akimpigia aliyemletea mzigo ataambiwa hivyohivyo.

"Sijakuja kudai waranti," Jedidah alisema. "Nimekuja ufungue moja ya zile mpya tuone ndani."

Mohamud aligeuka akatazama rafu. Maboksi yalikuwa yamepangwa hadi karibu na dari. Alieleza kwa upole kwamba boksi likishafunguliwa haliuziki, kwamba pengine ile ya Timau iliharibiwa na stima kupanda na kushuka, kwamba amewauzia watu wengi na hakuna aliyelalamika. Jedidah akamwambia kuhusu ya Purity. Mohamud akasema atalifikiria.

Nyuma ya duka, penye pazia, palikuwa na kiti ambacho mamake Mohamud, Ambaro, hupenda kukaa adhuhuri akivuta tasbihi yake. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye sauti ndogo. Alikuwa ameyasikia yote kutoka hapo. Sasa alitoka, akaja hadi mezani, akakigusa kile kiplastiki kilichoyeyuka kwa ncha ya kidole.

"Mohamud," alisema, "hii si ndiyo uliyonifungia bafuni kwangu?"

Mohamud alikubali kwa kichwa.

"Basi fungua. Kama huwezi kufungua la kuuza, twende nyumbani ufungue yangu."

Mohamud alichukua boksi kutoka rafuni, akalipasua, akatafuta bisibisi. Jedidah alitamani, anavyosimulia yeye mwenyewe, waya ule ukutwe umeungwa vizuri, ili shida iwe imeishia nyumbani kwake na kwa Purity. Lakini ulikuwa umekatwa na kukunjwa, kama ule mwingine.

Mohamud aliketi. Kisha akainuka na kuanza kuteremsha maboksi, moja moja, akiyapanga sakafuni nyuma ya pazia. Mteja aliyeingia kuuliza bei ya pasi aliambiwa angoje kidogo. Jedidah akavua koti akamsaidia, naye Ambaro akawamiminia chai ambayo ilikuwa imepoa.

Wiki ile Mohamud alilipia tangazo katika redio ya Kimeru, akaomba litajwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa na makanisani Jumapili: aliyenunua shawa ya aina ile kwake aizime na airudishe, waranti iwe imekwisha au haijaisha, atapewa ya aina nyingine. Aliyekuwa amemletea mzigo aliacha kupokea simu zake. Mohamud aliripoti serikalini, akaandikiwa ripoti, na mpaka leo anafuatilia. Baadhi ya wateja hawakurudisha. Mmoja alisema ni njama ya kumwuzia kitu cha bei ghali zaidi. Lakini wengi walirudisha, na banda la maua la Timau lilirudisha zote, kwa maana Jedidah alikuwa akiwauliza kila siku kwenye lori.

Yeye mwenyewe alipopewa mpya aliikataa. Hakutaka tena stima bafuni kwake, hata iungwe na nani. Mohamud akamwuliza basi anataka nini, naye akaomba mabomba ya chuma na tangi. Lennox, aliyefurahi kusafishwa jina lake, alijitolea kumjengea. Waliliweka tangi nje, ukutani mwa bafu, chini yake wakajenga meko ya matofali yenye bomba la moshi. Ukiwasha kuni chache au magunzi ya mahindi alasiri, maji yanakuwa moto mpaka usiku, na yanaingia ndani kwa mfereji kama ya hotelini.

Mkono wa Marete ulichukua muda. Kwa kipindi kirefu hakuweza kukunja ngumi asubuhi za baridi, ikabidi ajifunze kukamua kwa mkono wa kushoto, na ng'ombe hakupenda jambo hilo. Daktari alimwambia aukande kwa maji ya moto kila siku. Sasa ameurudia usukani wa trekta. Kovu la kiganjani limebaki, na Nkatha akija likizo hulishika shika wanapoongea, bila kuliulizia.

Mwezi wa nane, kwenye baridi yenyewe, Ambaro alisema anataka kuona huko Timau anakotajiwa. Mohamud akampandisha. Alishuka garini, upepo wa mlimani ukamkuta, akauliza kama kweli watu wanaishi hapa kwa hiari yao. Jedidah alikuwa amewasha meko tangu mchana. Alimpa taulo na sabuni, akamwonyesha mfereji upi ni wa moto. Yule mzee alikaa humo muda mrefu sana. Purity, aliyekuwa amekuja na mtoto kumsalimu mgeni, aliketi na Jedidah kwenye benchi la nje, wakimenya viazi, na kwa ndani wakasikia mtu akiimba kwa Kisomali, polepole, na maji yakianguka.

Alipotoka alikuwa amejifunga shuka mbili na uso unang'aa. Wakampa chai. Aliinywa, akavila viazi vya kuchemsha kwa chumvi, akasema ni vitamu kuliko vya Meru. Kisha akamgeukia mwanawe, ambaye alikuwa ameshika funguo za gari mkononi.

"Wewe nenda," alimwambia. "Mimi nitashuka kesho."