Gitaa Lenye Shingo Iliyopinda

Mwalimu Vidole alikuwa na kanuni moja ya kufundisha, na hakuilegeza hata kwa damu yake mwenyewe: mwanafunzi hujifunzia gitaa bovu tu, zima atalikuta mbele ya safari. Yeye alijifunzia gitaa la kuokota jalalani, akafika kupiga kwenye bendi kubwa. Tangu hapo aliamini kwamba njia iliyompitisha yeye ndiyo njia pekee iliyopo.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, alianza akiwa na miaka tisa. Gitaa alilopewa lilikuwa limepinda shingo kwa unyevu, na nyuzi zimenyanyuka hata kidole kingepita chini yake. Ilimbidi abonyeze kama anayekamua blanketi, kisha auvute uzi pembeni ili sauti ipande ilipotakiwa.

"Baba, nyuzi ziko juu mno."

"Wewe ndiye uko chini. Asiyejua kucheza husema uwanja una mawe."

"Huu una mawe kweli, baba."

"Basi jifunze kuruka."

Mama mtu alicheka, mpaka siku alipofua foronya ya binti yenye madoa ya damu ya vidole. "Mzee, lile gitaa lako zima limelala juu ya kabati miaka nenda miaka rudi. Mpe mtoto."

"Gitaa halipigi, mke wangu. Mkono ndio unaopiga."

Miaka kumi na moja ikapita hivyo. Binti akalimudu lile bovu hata majirani wakawa wanazima redio zao ili wamsikilize. Ndipo chuo cha muziki kikatangaza nafasi moja ya kusomeshwa bure, kwa sharti kwamba waombaji wote watapigia gitaa la chuo, tajiri asimzidi maskini kwa chombo.

"Baba, niazime lako wiki mbili tu, nizoee."

"Aliyeshinda bovu atashindwaje na zima? Unanitia aibu."

Siku ya usaili baba alikaa kiti cha nyuma, kifua mbele. Binti akapokea gitaa la chuo, akabonyeza kama alivyozoea, akavuta kama alivyozoea. Kila noti ikapaa kupita mahali pake. Akaanza upya, ikawa mbaya zaidi.

"Legeza mkono, mwanangu!" baba akapaza sauti.

"Mzee, nyamaza au utoke," akasema msaili, mama mmoja mwenye miwani. Akamgeukia binti. "Nani alikufundisha kupotosha sauti namna hii?"

Binti hakugeuka. Alinyoosha kidole tu nyuma yake. "Yule pale. Baba yangu."

Mmoja wa wasaili akaguna kicheko. Mama wa miwani hakucheka. "Bidii unayo, mwanangu. Lakini kukutoa hayo uliyozoea kutatuchukua muda mrefu kuliko kumfundisha asiyejua kitu. Anayefuata!"

Ustadi hukaa mkononi, hilo ni kweli. Lakini mkono hujifunza kile ulichopewa, makosa yake yakiwemo, na mwalimu aliye mkali kwa kujivuna tu hana tofauti na mwalimu mzembe.

Nafasi ilikwenda kwa kijana aliyejifunza miaka miwili kwa gitaa zuri la mjomba wake. Binti sasa anapiga pasi mashuka kwenye kiwanda cha dobi. Hapigi tena gitaa, na akikutana na baba yake humwamkia tu, basi. Kanuni ya Mwalimu Vidole haikuvunjwa hata siku moja. Ilimgharimu binti yake miaka kumi na moja na kazi pekee aliyoitaka maishani.