Sekunde Kumi na Mbili za Mama

Mashine yangu ya kukatia sauti ilibeba sekunde kumi na mbili tu. Ukizidisha hapo, inagoma. Niliipata miaka ile vitu vya nje vilipoanza kumiminika mpaka Singida mjini, na mimi kwa ujuaji wangu nikachukua dude ambalo hakuna fundi aliyelijua. Unaiingizia sauti, unaikata vipande, kila kipande unakipa kitufe chake, halafu unavipiga kwa vidole mpaka upate muziki mpya. Sasa niambie, sekunde kumi na mbili zinaingia wimbo gani?

Mama alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Sauti yake ilibaki kwenye kaseti moja, akiimba wimbo wa kupura mtama kwa Kinyaturu. Mjomba ndiye aliyemrekodi, nyumbani Mwankoko. Kaseti ilikaa kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na deki. Baba kila akileta alizeti kukamua mjini alipitia chumbani kwangu, anakaa juu ya kreti la soda, anasema, "Niwekee mama yako." Anasikiliza upande mzima, anavaa kofia yake, anaondoka. Hakuna kingine alichowahi kuniomba.

Mimi nikataka makubwa zaidi. Nilitaka mama aimbe juu ya ngoma na kinanda, redio zimpige, baba amsikie akiwa shambani. Nikatafuta namna ya kuizunguka ile mashine. Deki yangu ilikuwa na matundu mawili na kitufe cha kunakili haraka: kaseti ya kushoto inacheza, ya kulia inarekodi, zote kwa mwendo mara mbili. Mama akawa anaimba mbio mbio kama kifaranga. Nikamwingiza kwenye mashine hivyo hivyo, kisha humo ndani nikaivuta sauti taratibu mpaka ikawa yake tena. Sekunde kumi na mbili zikazaa ishirini na nne. Sauti ilififia kidogo, lakini alikuwa mama. Nilijiona mjanja kweli.

Tatizo, deki ile haikwenda haraka mpaka tundu la kulia liwe na kaseti ya kurekodia, na kaseti tupu zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo sote tulichukua zile zilizokwisha rekodiwa, zenye vitundu mgongoni vya kuzuia zisifutike, tukaviziba kwa karatasi iliyotafunwa. Zikawa zinafutika vizuri tu. Hata ya mama ilikuwa ya mahubiri, mjomba akaiziba hivyo hivyo ndipo akamrekodi. Na mimi nilikuwa na nyingine ya kuchezea, imezibwa vilevile, iko mezani pamoja nayo.

Nilipotaka kuongeza ngoma, kushoto nikaweka kaseti ya ngoma. Kulia nikatia ya mama, nikidhani ni ile ya kuchezea. Sikugundua mpaka upande ulipoisha. Nikarudisha nyuma, nikasikia ngoma. Nikageuza, nikasikia mhubiri. Nikageuza tena na tena, utadhani mama angejitokeza. Nililia palepale, nikajitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Wiki hiyo hiyo baba akaja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Niwekee mama yako."

Nikamwambia ukweli, kwamba kaseti nimeifuta mwenyewe. Hakugomba. Bora angegomba.

"Hakuna kilichobaki?"

"Kipo kidogo, baba, kwenye mashine."

Nikavipiga vile vipande kwa mpangilio wake wa zamani, kitufe kwa kitufe. Nilijitahidi asisikie mahali nilipounga. Baba aliinamisha kichwa. Nilipomaliza akasema nirudie. Nikarudia.

"Ni yeye," akasema. "Ila mbona hapumui?"

Mama alikuwa na pumu. Kila baada ya mstari alivuta hewa kwa mluzi mwembamba, na baba alikuwa akimtambua kwa mluzi huo tangu yuko uani, kabla hajafika mlangoni. Mimi kwenye mashine niliuona unakula nafasi tu. Nilikaa siku nzima nazifuta zile pumzi, moja baada ya nyingine, na kila nilipofuta moja nilifurahi kwamba nafasi imepatikana.