Utepe Mweupe wa Gottlieb Harmening

Volkmar Harmening alistaafu ukaguzi wa lifti mjini Minden, Ujerumani, akabaki na goti bovu, mke mvumilivu na cheo kimoja tu: mwenyekiti wa chama cha watu tisa wanaokusanya vipau vya tepe. Kipau ni kibati chembamba kilichoshonewa tepe za nishani, ili askari akivae kifuani badala ya kutembea akilia vyuma kama ng'ombe mwenye kengele. Mpe Volkmar kipau cha vita vya mababu, atakwambia aliyekivaa alikuwa Mprusi au Mbavaria, alipigana au alipika. Huangalia tepe zilivyopangwa, hugeuza nyuma ambako jua halijafika, kisha hunusa. Ndiyo, hunusa.

Kilichompa heshima ni kipau cha babu yake, Gottlieb. Utepe wa kwanza, wa nishani ya Msalaba wa Chuma, ulikuwa mweusi wenye michirizi miwili myeupe: utepe wa mtu wa mstari wa mbele. Kwa kipau hicho aliingia chamani mwaka 1979, kijana wa miaka ishirini, na tangu hapo hakuna aliyembishia.

Tatizo ni kwamba utepe huo aliushona mwenyewe. Ule wa babu ulikuwa mweupe wenye michirizi miwili myeusi, uliotolewa kwa waliotumikia vita bila kuviona. Gottlieb alihesabu viatu vya jeshi ghalani Münster, na milio ya risasi aliisoma gazetini. Volkmar aliona haya kumpeleka mhesabu viatu mbele ya wazee waliojivunia mababu makapteni. Akafumua mweupe, akashona mweusi mpya wa dukani.

Jumamosi hiyo, saa moja kabla maonyesho ya mwaka hayajafunguliwa katika chumba cha nyuma cha baa, Wendelin Pauksch aliingia na taa ya zambarau, ile ya kukagulia noti bandia. Pauksch alikuwa tarishi mstaafu. Mwaka uliopita uzi mmoja wa kipau chake uliwaka chini ya taa kama hiyo, kwa sababu nyuzi za zamani hubaki giza na za kisasa hung'aa kama shati jeupe kwenye disko. Volkmar akamfungia nje ya chama mwaka mzima, kwa kanuni aliyoitunga yeye mwenyewe.

"Mwaka huu tunapima vyote," alisema Pauksch. "Au mwenyekiti ana wasiwasi?"

"Wasiwasi wa nini? Muda ndio hatuna."

"Muda upo," alisema Bi Roswitha Tölke, mfamasia na katibu, mwanamke anayeandika kwenye kumbukumbu hata mtu akipiga chafya. "Vipau kumi na vinne. Funga mapazia, Bwana Pauksch."

Kipau cha Gottlieb kilikuwa cha kumi na mbili ubaoni. Cha kwanza kikabaki giza. Cha pili, giza. Volkmar alihisi jasho likishuka mgongoni, likatafuta njia na kuipata.

"Hiki changu nikishushe kidogo, pini imelegea."

"Usikiguse!" Tölke alisema bila kuinua kichwa. "Kanuni ya tatu. Si uliiandika wewe?"

Cha nane. Cha tisa. Pauksch alikuwa hana haraka, kama mtu anayekula soseji ya mwisho sahanini. Cha kumi na moja, giza.

"Haya, Babu Gottlieb," Pauksch alisema kwa upole wa kuchukiza. "Tuchekee."

Gottlieb akacheka. Michirizi miwili myeupe ikawaka bluu, mikali, kama meno.

Kalamu ya Tölke ikaanza kuandika.

"Nimeushona mimi," alisema Volkmar. Sauti ilimtoka kama ya mtoto aliyevunja sahani. "Babu hakupigana. Alihesabu viatu. Utepe wake ulikuwa mweupe."

Akasubiri kicheko. Hakikuja. Pauksch alikuwa ameweka mkono kifuani.

"Mweupe? Wa kweli? Ukaufumua?"

"Ndiyo."

"Wee mzee! Tepe nyeusi zimejaa kila droo Ujerumani hii! Mweupe mimi nimeuona mara mbili maishani! Umetoa almasi ukaweka kifungo cha suruali!"

"Miaka yote hii," alinong'ona Tölke, "na sisi tunakiheshimu kifungo." Machozi yalimlengalenga, na hayakuwa ya kumlilia Gottlieb bali utepe wake.

Volkmar akatoa pochi. Nyuma ya picha ya mkewe, ndani ya karatasi iliyokunjwa mara nne, kulikuwa na kipande cha utepe kisichozidi kidole gumba. Hakuwahi kuthubutu kukitupa. Pauksch akakishika kwa kibano, akakimulika. Kikabaki giza tupu.

Akapumua kwa nguvu, kisha akajikumbuka. "Mwaka mmoja nje, mwenyekiti. Kanuni."

"Najua kanuni."

"Ila utepe unabaki. Andika kibandiko."

Volkmar akachukua kalamu ya Tölke. Akaandika: *Gottlieb Harmening, mhesabu viatu, Münster. Utepe halisi.* Akakibandika ubaoni kando ya utepe, akavaa koti, akatokea mlango wa jikoni.

Saa sita mlango mkubwa ulipofunguliwa, alikuwa mtu wa kwanza kwenye foleni ya wageni.