Spika Iliyosema Kifipa

Juzi muuza duka aliniuliza tujaribu spika kwa wimbo gani, nikakumbuka kibanda cha baba, fundi redio pale Sumbawanga.

Siku moja, nikiwa mtoto, nilikuwa nimempelekea ugali wa ulezi. Baba alikuwa nje na mteja, na ndani kulinuka risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa. Mara spika kubwa ikakohoa. Kisha bibi, tuliyemzika kabla ya mavuno, akaniita jina langu, akaniuliza kwa Kifipa kama nimekula.

Redio zote nilizozijua zilisema Kiswahili. Kifipa kilikuwa cha watu wa nyumbani, kwa hiyo bibi alikuwa humo ndani. Bakuli likaniponyoka.

“Baba, mfungulie bibi,” nililia. “Atakosa hewa.”

Baba akaingia, akazima. “Ni kanda tu, mama. Nikijaribu spika, nyimbo hunidanganya. Sauti ya mama yangu naijua, spika ikiipotosha nasikia.”

Sikumwelewa. Kwa siku nyingi nilikipita kibanda kile mbio, nimeziba masikio.

Basi juzi nilimpa muuza duka simu yangu, yenye sauti ya baba niliyoirekodi. Ndani ya spika baba akakohoa, akaniuliza kwa Kifipa kama nimekula.

“Nachukua hizi,” nikasema, bila kumtazama.