Ufa Katika Banda la Mjane

Harufu ya mawe yaliyolowa, ikichanganyika na mavi ya ndama na maziwa yaliyochacha, ndiyo iliyonipokea kila likizo ya Aprili nilipofika kwa dani, nyanya yangu mzaa baba, nje kidogo ya Uriri. Ilitoka kwenye banda la ndama, na banda lile halikuwa na mwenzake kijijini. Chini kulikuwa na chumba kilichojengwa na watu wa kale, wale wale walioacha ngome za mawe vilimani huku Migori, ambao hata wazee wetu hawakujua majina yao. Hawakutumia saruji wala udongo. Walipanga jiwe juu ya jiwe, kila safu ikichomoza ndani kidogo kuliko ya chini yake, mpaka kuta mbili zikakutana juu kama viganja vya mtu anayesali. Mlango ulikuwa mfupi, hata mwenye cheo aliinama kuingia. Juu ya chumba hicho babu alijenga banda kwa mawe yale yale, kwa mtindo ule ule, akaliezeka kwa mabati. Kwa kuwa palikuwa mteremkoni, ndama waliingia kutoka upande wa juu bila kuhitaji ngazi. Chini dani aliweka mbegu zake za njugu.

Mwaka nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, babu alikuwa ameshafariki, na kona ya banda iliyotazama mto ilikuwa imeanza kutoa tumbo. Ufa ulishuka kutoka kwenye mabati hadi karibu na chumba cha chini. Mkono wangu uliingia wote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na methali hiyo kila mtu kijijini aliijua na aliwaambia watoto wake. Lakini ufa wa dani haukuruhusiwa kuzibwa. Mdogo wake babu, ambaye sote tulimwita Mzee Oyoo, alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba fundi yeyote asiguse jengo la mjane ambaye hajarithiwa. Kwanza apate mwanamume wa kumrithi, kisha ndipo mawe yapangwe. Na mwanamume mwenyewe, kwa bahati ya ajabu, alikuwa yeye Mzee Oyoo.

Dani alikataa. Alikuwa Msabato, lakini hakujificha nyuma ya kanisa. Alisema tu kwamba aliolewa mara moja na ikamtosha. Basi wazee wakakaa kusubiri mvua. Hilo ndilo linalonichemsha damu mpaka leo, kwamba watu wazima, wenye ng'ombe na wajukuu, waliketi wakiombea ukuta wa mama mzee uanguke, ili akikosa pa kulaza ndama wake akubali kitanda cha shemeji yake. Na hayo wakayaita mila.

Palikuwa na fundi wa mawe sokoni Uriri, Mkuria kutoka upande wa Ntimaru, ambaye dani alizungumza naye kwa Kiswahili kwa sababu fundi hakujua Kijaluo. Alikuja, akauangalia ufa kutoka nje ya ua wa minyaa, akavua kofia yake.

"Mama, hii kazi naiweza," alisema. "Lakini nikiingia hapa kwako, hawa wazee hawatanipa kazi ingine Uriri."

"Sawa," dani akamjibu. "Macho je, wamekukataza? Simama hapo hapo nje. Mimi nitapanga, wewe uniambie mahali nakosea."

Alisimama siku tatu. Dani alijifunga leso kiunoni, tukabomoa kona ile jiwe moja moja, tukiyalaza kwenye nyasi kwa mpangilio wa safu zake ili yarudi mahali pake. Fundi alituelekeza kwa sauti juu ya ua. Jiwe moja lilale juu ya mawili, kiungo kisikae juu ya kiungo, uso mkubwa ukae chini, vipande vidogo vijaze katikati. Nilipochota udongo niupake kwenye pengo alinizuia, akiniuliza maji yatapitia wapi. Baadaye nilielewa kwamba ukuta ule uliishi karne nyingi kwa sababu uliyaachia maji njia. Kucha za dani zilipasuka, mbili zikang'oka kabisa. Wanaume waliopita na ng'ombe wao kwenda kunywesha walimsalimu fundi, wakamtania kwamba ameajiriwa kuchunga wanawake, wakaendelea na safari yao.

Mvua ya mwaka ule ilikuwa kali. Ukuta haukutikisika. Na Mzee Oyoo, baada ya kuukagua mara mbili, alienda kanisani na kilabuni akasimulia jinsi mizimu ya watu wa kale ilivyolishika banda la kaka yake. Mizimu! Dani alikuwa hawezi hata kukama, vidole vimefungwa vitambaa, na sifa zikapewa wafu. Aliposikia alicheka. Mimi sikucheka.

Dani amekwisha kufa bila kurithiwa na mtu. Banda lipo, na wageni hutoka Homa Bay kulipiga picha na kusifu akili za mababu. Mimi nikieleza kwamba kona ile ya mtoni ilipangwa na mwanamke mzee na mtoto wa kike, wao hutabasamu kwa adabu.

Mwaka jana upepo uling'oa mabati ya jiko la Akinyi, mjane wa binamu yangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari. Nilikuwa nimeketi kando yake alipompigia fundi, kijana ambaye Akinyi mwenyewe alimfundisha darasani. Aliiweka simu kwenye spika ili nisikie.

"Madam, nitakuja," kijana alisema. "Lakini kwanza, umeshapata mtu?"

Akinyi alikata simu. Nikahesabu miaka. Ilikuwa imepita zaidi ya arobaini, na katika miaka hiyo tumepata lami, umeme, na simu za kuulizia swali lile lile. Dani alipata walau mwanamume mmoja wa kusimama nje ya ua. Akinyi hakupata hata huyo. Tulileta ngazi, tukaiegemeza ukutani, na mimi mwenye goti bovu nikapanda kwanza.