Jina la Koleta Pembeni mwa Ukurasa

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu. Nilipewa beseni la maji na kipande cha sabuni. Paroko wa kwanza niliyemtumikia, padri mzee kutoka Muleba, alisimama mlangoni mwa ofisi ya parokia pale Kiruruma akinitazama ninavyosugua vidole, kisha akanikagua kucha kama mwalimu wa zamu. Ndipo akafungua kabati na kutoa kitabu cha ubatizo, kizito, chenye jalada jeusi.

"Leokadia," alisema, "humu hakuna kufuta. Ukikosea, piga mstari mmoja, andika lililo sahihi, tia saini. Na pambizo uiheshimu. Mle ndimo yalimo maisha ya watu."

Ninyi vijana mnaosoma haya, pambizo ni ile nafasi nyeupe iliyo pembeni mwa ukurasa. Mkatoliki huandikwa katika kitabu cha parokia alikobatizwa. Akija kufunga ndoa, hata kama ni Bukoba au Mwanza, paroko wa huko hutuma taarifa kule alikobatizwa, na karani huandika pambizoni: amefunga ndoa na fulani, mahali fulani, tarehe fulani. Siku akitaka kufunga ndoa nyingine, atadaiwa cheti kipya cha ubatizo, na karani hawezi kukiandika kabla ya kutazama pembeni. Akikuta jina la mke aliye hai, hakuna harusi.

Niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Wanaume walinitania kwamba wakiniona mnadani wanawakumbuka wake zao. Paroko wa pili alipohamishiwa Mabira, upande wa Kyerwa, alinichukua nikawe karani huko, ambako taarifa za ndoa zilinifikia kwa bodaboda, zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, nyingine zimelowa. Nilizianika dirishani, nikazisoma, nikanawa, nikaandika.

Paroko wa tatu alikuwa kijana, mchapakazi, mwingi wa vicheko. Alikuja na kompyuta na programu ya kutunza kumbukumbu za parokia, iliyotengenezwa na kampuni moja ya mbali. Kila jina lilikuwa na kisanduku kilichoitwa Maelezo, na humo ndimo tuliweka mambo ya pambizo. Mwanzoni niliandika kote kuwili. Siku moja akanikuta nimeinamia kitabu.

"Mama Leokadia, si umeshaingiza kwenye kompyuta?"

"Nimeingiza, Baba Paroko."

"Basi kuandika mara mbili ni kuzeeka mara mbili. Kifunge hicho."

Nilicheka, nikakifunga. Simsingizii, maana hakunilazimisha. Macho yalikuwa yananiuma, na kusema kweli nilijiona mtu wa maana, kubofya jina tu na mambo yote ya mtu yakajitokeza. Ubatizo tuliendelea kuuandika kitabuni. Pambizo zikabaki nyeupe kwa miaka sita.

Kisha Paroko wa tatu akahamishwa. Kampuni ilipoamua kuachana na programu ile, tangazo lilikwenda kwenye barua pepe yake ya zamani, ambayo hakuna aliyekuwa akiifungua. Asubuhi moja niliingiza neno la siri kama kawaida, skrini ikanijibu kwamba huduma imefungwa. Nikazima, nikawasha. Nikajaribu tena hadi kengele ya saa sita mchana.

Paroko wa nne, mtu mpole asiye na haraka, aliandika barua na kupiga simu hadi kampuni ikatutumia faili moja. Lilikuwa na majina, tarehe, wazazi na wasimamizi. Safu ya Maelezo haikuwemo.

"Majina yote tunayo, Mama Leokadia," alisema kwa furaha. "Mungu mkubwa."

"Majina tunayo, Baba. Ndoa hatuna."

Akaketi. Tuliziandikia parokia jirani zitutumie upya taarifa zao. Chache zilijibu. Nyingine zilitumia programu ileile, nazo zilikuwa na kilio kilekile. Tungeweza kuandika kwenye kila cheti kwamba kumbukumbu zetu zina pengo. Tulilizungumza hilo, tukaona aibu. Parokia ikiri kwamba haijui nani ameoa na nani hajaoa? Tukanyamaza, na katika makosa yangu yote hilo ndilo kubwa.

Ndipo akaja Anacleti, mnunuzi wa kahawa, mtu wa maneno matamu, aliyebatizwa pale Mabira. Alitaka cheti akafunge ndoa Muleba.

"Anacleti, hujawahi kufunga ndoa wewe?"

"Kitabu kinasemaje, mama?"

Nilifungua ukurasa wake. Pembeni palikuwa peupe. "Kitabu hakisemi kitu."

"Basi, mama."

Nikamwandikia cheti kwa mwandiko wangu mzuri, Paroko akatia saini na muhuri. Baada ya miezi miwili taarifa ya ndoa ikaja kutoka Muleba. Nilinawa mikono, nikaandika jina la bibi harusi pambizoni, nikalipuliza wino ukauke. Nilifurahi, Mungu ananiona, kwa kuwa kitabu kilikuwa kimeanza tena kuishi.

Kabla ya mwezi kwisha aliingia mwanamke amebeba mtoto mgongoni, ametoka Bweranyange kwa bodaboda, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Alipiga goti akanisalimia, akasema anaitwa Koleta, mke wa Anacleti, na ndoa yao ilifungwa kanisani Bweranyange miaka mitatu nyuma.

"Waitu, mama, watu wananiambia amefunga ndoa Muleba. Nimewakatalia. Nimewaambia haiwezekani, jina langu liko Mabira kwenye kitabu. Nionyeshe niwanyamazishe."

Pale pale nikakumbuka. Taarifa yake ilinifikia zamani zile, nami mwenyewe niliiingiza kwenye kompyuta. Nilifungua kitabu kwa sababu sikujua la kufanya. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mwandiko wangu.

"Huyu ni nani?"

Aligeuza ukurasa, kisha akaurudisha.

"Na mimi niko wapi?"

"Ulikuwa kwenye kompyuta," nilisema. Hayo ndiyo maneno niliyompa.

Mahakama ya Kanisa ya jimbo ilitamka kwamba ndoa ya Muleba si ndoa. Binti wa watu akarudi kwao na mimba, Anacleti akahama asijulikane alipo, na Koleta akabaki na ushindi usiomsaidia kitu. Nililipigia jina lile mstari mmoja, nikaandika la Koleta, nikatia saini kama nilivyofundishwa. Wiki hiyohiyo niliomba kustaafu.

Sasa naishi kwetu Bweranyange, kwenye kibanja, shamba la migomba la marehemu baba. Aliyenirithi kazi ana programu mpya. Nilipomuuliza kama anaandika na pambizo, alicheka: "Mama, hii haifungwi." Nilimsihi. Akaniitikia kama mnavyowaitikia wazee.

Koleta anasali kanisa letu. Kila Jumapili baada ya misa hunitafuta, hupiga goti, "Shikamoo, mama." Naitikia marahaba, na kila mara natamani angenitukana.