Chagua Inayoharibikia Hapa

Jumamosi, kwenye mashine ya kuuza maji mtaani Obunga, nilipanga foleni nyuma ya mama mmoja na bintiye anayesomea uhandisi. Binti alitakiwa kuchagua fani kabla ya jioni, na hakutulia.

"Moja ni kuandika programu za mashine kama hii, Mama. Nyingine ni kubuni chipu yenyewe, ile ya ndani inayoiendesha."

"Hiyo chipu hubuniwa wapi?"

Binti alizungusha kifuniko cha mtungi. "Ng'ambo, mara nyingi."

Mashine ikakwama. Mama akaipiga kofi. "Basi chagua hii inayoharibikia hapa."

Foleni yote ilicheka, isipokuwa binti.

Nami nina mtoto wangu, yuko kidato cha nne, hodari wa fizikia. Sijamuuliza anataka kusomea nini. Naogopa atasema chipu, aende zake ng'ambo, nami nikose mashine ya kupiga kofi.